Mfarishi wa Bwana Bado

Mzee alikuwa ameinamia magoti yake, akifumua mshono wa mstari wa sita kwa mara ya nne.

Kilicholala magotini kiliitwa mfarishi kwa heshima tu. Mfarishi kamili ni vitambaa viwili vyenye pamba katikati, vimeshikizwa kwa nyuzi ili pamba isitembee. Hiki kilikuwa kitambaa cha juu peke yake: vipande mia na thelathini vilivyoungwa kwa mkono, kumi kwa upana, kumi na tatu kwa urefu. Kitambaa cha chini kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti, na pamba ilikuwa kwenye gunia nyuma ya mlango tangu mvua zilipoanza. Mvua zikanyesha zikaisha, baridi ikaingia, na gunia bado liko pale pale.

"Wewe huko!" Sauti ya dada yake ilitoka nyuma ya pazia, kisha kikohozi, kisha sauti tena. "Blanketi langu liko wapi?"

"Bado, dada."

"Bado nini?"

"Mstari wa sita umepinda."

"Na mgongo wangu umenyooka? Mbona mimi hujanifumua?"

Mzee aliinamia mshono tena. Alichomoa uzi, akautupa kwenye kopo la nyuzi zilizofumuliwa. Kopo lilikuwa limejaa hadi mdomoni.

Jina la Bwana Bado alipewa kiwandani na wanawake wa cherehani. Kwa miaka thelathini na moja alisimama kwenye meza ya ukaguzi chini ya taa mbili ndefu. Shati likimfikia analigeuza ndani nje, anavuta mshono kwa vidole gumba, anahesabu mishono, anatazama kola, anatazama matundu ya vifungo. Likiwa na dosari alilichora msalaba wa chaki, akasema "bado", likarudi lilikotoka. Lisipokuwa na dosari hakusema kitu. Hakuna mwanamke wa kiwanda kile aliyewahi kusikia kinywani mwake kwamba kazi yake ni nzuri. Yeye aliona kunyamaza kwake ndiyo sifa yenyewe, na aliyetaka zaidi ya hapo akaimbiwe harusini.

Na mashati yale yalidumu. Mtu alilivaa mpaka akachoka nalo, akampa mdogo wake, mdogo mtu akaenda nalo shamba, mwisho likawa tambara la kufutia taa, na vifungo vimeshika vile vile. Siku hizi mtu ananunua shati Ijumaa, Jumapili kwapa limeachia, wala hashtuki. Anacheka, anatupa, ananunua jingine. Kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, na pale palipokuwa na meza ya ukaguzi sasa panauzwa viti vya plastiki. Siku ya mwisho Bwana Bado alitoka getini na gunia moja ambalo hakuna mwingine aliyelitaka. Lilikuwa gunia la sampuli. Kila mzigo wa kitambaa ulioingia ulikatwa kipande cha mraba, kikapigwa muhuri nyuma kwamba kimepita. Alilisukumia uvunguni, likakaa huko miaka kumi na minane, naye hajui la nini.

Sababu ilikuja na kikohozi cha dada.

Mpwa wake, binti wa huyo dada, alimtumia mama yake blanketi kutoka mji wa mbali alikofanya kazi. Lilikuwa zito, laini kama paka, na lina picha ya simba. Baada ya kulifua mara mbili simba akaanza kunyonyoka. Manyoya yalijaa chumbani, kwenye chai, kwenye kope za mgonjwa. Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua, akauliza anajifunika nini, akasema simba atoke, na kiletwe kitu cha pamba tupu chenye joto, maana kifua kile hakitaki vumbi wala baridi. Bwana Bado alizunguka maduka manne. Kila alichogusa kilimeta na kuteleza. Muuzaji mmoja alimwambia, "Mzee, pamba ya nini? Siku hizi watu wanataka kitu kinachong'aa."

"Nitakushonea mimi," alimwambia dada yake jioni ile.

Dada alicheka mpaka ikabidi ashikwe mgongo. "Wewe? Vifungo vyako nilikushonea mimi mpaka siku uliyooa."

"Na baada ya kuoa?"

"Akashona marehemu mkeo."

Ilikuwa kweli tupu. Mikono yake ilikuwa imegusa mishono mingi kuliko ya fundi yeyote mjini, na haikuwahi kushona hata mmoja. Wazazi wao walipokufa, huyu dada ndiye aliyefua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka, ili mdogo wake ajue kusoma. Yeye naye alikuwa amemlipia dada kodi, amemnunulia dawa na viatu. Kitu kilichotoka mikononi mwake mwenyewe hakuwahi kumpa. Dada alikuwa na miaka sabini na minane. Akimkosea hili, hatapata nafasi nyingine.

Akalivuta gunia la sampuli kutoka uvunguni, akaanza. Mishono yake ya mwanzo ilikaa kama meno ya mtoto, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja haupo. Kona za vipande hazikukutana. Alipomaliza kuunga vyote aliwasha taa, akavaa miwani, akakagua kama alivyokagua maisha yake yote. Akahesabu misalaba ya chaki sitini na minne. Basi akafumua. Kingo zilichanika nyuzi, akazipunguza kwa mkasi ili zinyooke. Mstari uliopunguzwa ukawa mfupi kuliko mwenzake, akaupunguza na huo mwenzake. Akashona tena, akakagua tena, misalaba hamsini. Kanuni ya kiwanda ilisema mshono usifumuliwe zaidi ya mara mbili, kwa sababu kitambaa nacho huchoka. Aliijua kanuni hiyo kwa moyo. Aliisoma mwenyewe ujanani katika kitabu cha kiwanda, neno kwa neno, kamusi pembeni. Lakini aliona iliandikwa kwa ajili ya washonaji, na yeye alikuwa mkaguzi.

Miezi mitano ikapita hivyo. Shingo ilikakamaa, kidole gumba kikawa na matundu kama kichungi. Alilala amechoka na aliamka amechoka, akiwa tayari anaufikiria mstari wa sita.

Asubuhi moja alipofunua pazia alimkuta dada yake amelala ameketi, ameegemea ukuta. Amejifunika shuka mbili, na juu yake koti la mdogo wake.

"Mbona umekaa?"

"Nikilala chali nakohoa. Nikilala ubavu baridi inapita. Basi nakaa kama abiria." Alifungua macho. "Mdogo wangu, nikuulize. Unanishonea blanketi, au sanda?"

Alitoka nje bila kunywa chai.

Mama Vifungo alikuwa mshona vifungo kiwandani, mdogo kwake kwa miaka kumi hivi. Sasa alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la simu, akipunguza suruali za watu. Alimwona mzee anakuja na mfuko wa plastiki umebanwa kifuani kama wa mwizi wa kuku.

"Shikamoo, Bwana Bado."

"Marahaba. Nina kitu hapa. Nataka unishauri tu."

"Nikushauri mimi? Jamani, njooni mshuhudie!" Alisogeza suruali pembeni. "Haya, lete."

Mzee akautoa mfarishi wake. Mama Vifungo akaugeuza ndani nje. Akavuta mshono kwa vidole gumba. Akahesabu, midomo ikichezacheza. Bwana Bado alisimama mbele ya cherehani na kugundua kwamba hajui mikono aiweke wapi. Hakuwahi kufikiri kwamba ukaguzi unachukua muda mrefu namna ile.

"Umefumua mara ngapi?"

"Mara chache."

"Usinifiche, mzee. Hapa naweza kuchujia chai."

"Mara nne. Mahali pengine tano."

"Na mwanzo ulikuwa na ukubwa gani?"

"Mita mbili kasoro kidogo kwa urefu. Upana moja na nusu."

Mama Vifungo alitoa futi shingoni, akautandaza mfarishi kwenye sakafu ya kibaraza, akapima, akapima tena. "Mita moja na nusu. Upana moja na kidogo. Bwana Bado, hiki ni cha mtoto anayeanza shule. Dada yako si mrefu kuliko wewe?"

Mzee alitazama chini. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona wote kwa pamoja. Nyumbani kitanda kikubwa kilikuwa kimoja, na mgonjwa alikuwa juu yake, kwa hiyo kazi yote aliiona kipande kwa kipande, magotini, karibu na pua. Kila alichokirekebisha alikuwa amekikata.

"Nitaongeza mistari pembeni," alisema.

"Ukiongeza utaikagua. Ukiikagua utaifumua. Mwakani utaniletea kitambaa cha jasho."

"Sasa nifanyeje?"

"Tia pamba, shikiza, mpe mgonjwa."

"Na dosari?"

Mama Vifungo alicheka, si kicheko kizuri. "Unakumbuka mashati yangu arobaini?"

"Nakumbuka. Kila kifungo kilipungukiwa mshono mmoja."

"Siku ile nililia chooni. Nikanawa uso, nikayashona yote upya, kwa sababu saa kumi na moja lori lilikuwa linaondoka. Sisi tulikuwa tunamaliza, Bwana Bado. Wewe ulikuwa unarudisha. Umezeeka hujamaliza kitu hata kimoja, ndiyo maana mfarishi mmoja unakutoa roho."

"Mashati yale yalidumu," alisema mzee. Ndilo pekee lililobaki mkononi mwake.

"Yalidumu, sibishi. Na mikono ilikuwa ya nani?"

Mzee akaukunja mfarishi polepole, akaurudisha kwenye mfuko. Alipofika ukingo wa kibaraza alisimama, bila kugeuka. "Vifungo vyako havikurudi tena baada ya siku ile. Hata kimoja. Niliviangalia kuliko vya wengine, na sikupata kitu."

Mama Vifungo alikanyaga cherehani. "Nenda zako, mzee. Utaniharibia suruali ya mtu."

Siku mbili alishona bila kukagua. Miwani aliivaa wakati wa kutunga uzi tu, kisha akaivua, maana akiiacha machoni mkono ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta chaki. Alipanga pamba, akafunika, akashikiza kila palipokutana vipande vinne, akakunja pindo. Ilipofika alasiri ya siku ya pili alifunua pazia na kuuweka mfarishi kitandani kama mtu anayeweka mzigo wa kuni.

Dada aliupapasa. "Ndio huu?"

"Ndio huo."

Aliuvuta mpaka mabegani, miguu ikatoka nje. Akausukuma miguuni, kifua kikabaki wazi. "Kifua," alisema. "Miguu niletee soksi zako zile nene." Kisha akapitisha kidole juu ya mishono. "Hapa umepita kama ng'ombe anayerudi zizini. Na hapa ulisinzia. Na hapa... hapa hata sijui nikuambie nini, mdogo wangu."

Lakini aliupandisha hadi kidevuni, akanyoosha mgongo, akalala. Muda ukapita bila kikohozi. Bwana Bado alikaa ukingoni mwa kitanda, akavaa miwani ili amtazame usingizini, na badala yake akaona mstari wa sita. Mshono ulikuwa umeachia, upana wa vidole vitatu, pamba imechungulia.

Alishika pindo. "Lete kidogo, dada."

Dada alikuwa macho. "Sileti."

"Dakika tano."

"Dakika zako nazijua. Miezi mitano."

"Umeachia! Pamba itatoka yote!"

"Itoke nikiwa nimejifunika."

Akavuta. Dada naye akavuta, na mikono iliyofua nguo miaka arobaini haikuwa imesahau kukamua. Kitu kililia ndani ya mfarishi, traa. Wote wawili waliacha, wakahema. Vidole vitatu vilikuwa vimekuwa kiganja kizima.

"Umefurahi?" dada aliuliza.

Mzee alirudisha pamba ndani kwa kidole. Alikuwa amechoka mpaka kwenye meno.

"Kalete sindano. Utashona hapa hapa, mimi nikiwa ndani. Mfarishi huu hautoki kitandani."

Basi alishona juu ya paja la dada yake, miwani imefanya ukungu, mwanga wa dirisha ukipungua. Dada alimwelekeza. "Vuta. Si hivyo, mimi si gunia. Fuata ule wa nyuma. Haya." Mzee alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. Alitazama. Ulikuwa umepinda kuliko ulivyowahi kupinda, na hakuwa na nguvu ya kuuambia neno lolote.

"Nipishe sasa, nimebanwa," dada alisema. Akashusha miguu, akasimama, na mfarishi ukasimama naye. Akapiga hatua moja, ukamfuata. Alijipapasa pajani, kisha akamgeukia. "Mtoto wewe! Umeushonea na gauni langu!"

Alicheka huku ameshika ukuta, akakohoa kidogo, akacheka tena.

"Kaa chini nifumue," mzee alisema.

"Hufumui kitu. Nimekwambia nimebanwa."

Akatoka chumbani, amejishika kwenye kuta za ukumbi, mfarishi ukiburutika kwenye sakafu yenye maji ya mpangaji mwenzao aliyetoka kuoga. Bwana Bado aliinama, mgongo ukalia, akaokota pindo na kumfuata nyuma hadi mlango wa choo. Mlango ukafungwa ulivyoweza kufungika. Alibaki nje, ameshika sehemu ya mfarishi iliyopita upenyoni mwa mlango.

"Usikague hizo nyuzi!" dada alisema kutoka ndani.

"Sikagui," alijibu. Alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba.