Mitumba na Mawe ya Kaoze

Redempta wa Majengo alikuwa na sauti nene kiasi kwamba mwalimu wa kwaya alimwomba, kwa heshima zote, aimbie karibu na mlango. Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na mitumba ikaanza kumiminika Sumbawanga, sauti hiyo ikapata kazi. Akifungua robota la nguo Majengo, watu wa mtaa wa Mazwi walijua makoti yameingia.

Siku za mnada aliteremka bondeni hadi kijiji cha Kaoze, akafikia kwa rafiki yake Mboje, Msukuma aliyehamia huko na mumewe Masanja na ng'ombe wao. Safari moja alikuta nyumba haina paa. Nyasi zilikuwa zimeungua, na Mboje alikuwa akifagia mawe mlangoni.

"Nani kafanya haya?"

"Vijana, wala sikuwaona sura. Walirusha mawe, wakawasha paa, wakasema Wasukuma rudini kwenu."

"Mmetoa taarifa?"

"Kwa nani, dada? Sisi wageni hapa."

"Weka huo ufagio chini," Redempta alisema. "Hayo mawe ndiyo mashahidi wako."

Akamkokota hadi kwa mtendaji wa kijiji, Loth, aliyewakaribisha na kipande cha muhogo mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, muhogo ukapoa.

"Kumchomea mtu nyumba ni kosa," alisema, "na kumchomea kwa sababu ya kabila lake ni ubaya juu ya ubaya. Njoo kwangu au nenda polisi moja kwa moja. Sema maneno waliyosema, yale yale. Usiondoe kitu. Aliyeona, njoo naye. Shida watu hawayajui haya. Nikiitisha mkutano wanakuja wazee wachache, na wanasinzia." Akamtazama Redempta. "Wewe mnadani unasikika mpaka wapi?"

"Upepo ukiwa mzuri, mpaka ng'ambo ya mto."

Basi siku ya mnada Redempta akapanda juu ya robota. "Suruali za kitambaa kizito! Ukipigwa kwa ajili ya kabila lako, usinyamaze, nenda kwa mtendaji! Blauzi za harusini! Ukiona jirani anachomewa nyumba, kasema nani, kafanya nini, kaeleze polisi! Koti la baridi, halijatoboka!"

Mzee Felisiani, mkulima mpole, akasogea. "Mama, nikitoa taarifa napewa koti la saizi gani?"

"Hupewi koti, baba. Ila nisaidie kuwaonyesha watu jinsi uhalifu unavyokuwa, nikuazime hili uigize mhalifu."

Felisiani akavaa koti lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Mboje akasimama mbele yake. Mzee akajikohoza.

"Shikamooni," alisema. "Samahani kwa usumbufu. Mngeweza kuhama, mkipata nafasi?"

Mnada mzima ukacheka. Redempta akamhimiza arushe jiwe. Felisiani akaokota kokoto, akaliweka taratibu miguuni mwa Mboje kama anayetoa sadaka.

Hapo kijana mmoja, Oswaldi, aliyetoka kilabuni moja kwa moja, akashindwa kuvumilia. "Mzee, unaharibu," alisema akijipenyeza mbele. "Haikuwa hivyo. Kwanza mawe. Halafu mimi nikasema Wasukuma rudini kwenu, ndipo nikawasha paa kwa nyuma, maana mbele nyasi zilikuwa na umande."

Kicheko kikakatika. Hata ng'ombe wa mnadani walionekana kumtazama.

"Ulikuwa utani tu," Oswaldi alisema, sauti ikimpungua.

"Utani hauchomi nyumba," Redempta alimjibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema kwa sauti ya chini.

Loth na mgambo wakampeleka kituo cha polisi. Mboje naye akaenda, akatoa maelezo yake yote bila kupunguza neno, na waliosikia mnadani wakaenda kushuhudia. Oswaldi akawataja wenzake kabla hajaulizwa. Kesi ikafika mahakamani, wakahukumiwa. Majirani waliokuwa kimya wakaja na mafungu ya nyasi, wakaezeka, huku hawamtazami Mboje usoni.

Baada ya hapo Loth hakupata nafasi ya kupumua. Mmoja alikuja kumshtaki jogoo wa jirani kwa dharau. Mwingine alisema mama mkwe amemwita mvivu, naye alikumbuka maneno yale yale, pamoja na kikohozi.

Kisha akaja Nyanda, Msukuma mchunga ng'ombe asiyependa maneno. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kiangazi kilichopita walimkata ng'ombe wangu kwa panga," alisema. "Waliniambia maneno kama aliyoambiwa Mboje. Sikujua kama ni jambo la kusema."

Loth akamsogezea kiti. "Kaa, ndugu yangu. Anza mwanzo."