Nilivyochambua Shairi la Majani Makavu

Darasa la tatu lilinitosha, na nyumba ya matofali nimejenga. Mjukuu wangu Neema alipoleta wenzake wa chuo, niliapa kuwafafanulia mashairi yao yasiyo na vina. Nikanyakua karatasi kwenye daftari lake.

"Babu, geuza kwanza..."

"Kaa! Usinifundishe."

Nikasoma: "Chuma majani machanga. Anika. Usiogope yakinyauka. Twanga."

Nikakohoa. "Mshairi anasema mauti! Majani ndiyo sisi. Dunia inatukausha, kaburi linatutwanga."

Wanafunzi wakaandika. Mmoja akafuta machozi.

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. "Mzee, hayo ni maelekezo yangu ya mlenda, Neema aliyaandika jana. Shairi liko upande wa pili. Miaka arobaini unaula, hujui unatengenezwaje?"