Ukurasa wa Nne

Kazi yangu ni kusahihisha mtihani wa kupima kiwango na kuwashauri wanafunzi wapya waanzie darasa gani. Sikuisomea. Nilimaliza kidato cha nne Kituntu kwa matokeo nisiyopenda kuyataja, nikarudi nyumbani kwenye migomba na kahawa, na jioni nilikuwa napanda kilimani, mahali simu inaposhika mtandao, kutazama video za watu wanaofundisha kompyuta. Huko ndiko nilikojifunza kutengeneza majedwali, na majedwali ndiyo yaliyonipatia kazi katika chuo kidogo cha afya ya mifugo upande wa Kyerwa. Wanafunzi huniita mwalimu. Kila wanaponiita hivyo nahisi kuna mtu nyuma yangu atakayeniuliza, na wewe ulifundishwa na nani?

Hofu hiyo imenifanya mtu wa kurudiarudia. Najumlisha alama kwa penseli, najumlisha tena kwa simu, naingiza kwenye kompyuta, na bado naota nimempa mtu alama za mwenzake. Mkuu wa taaluma, mama mmoja mpole ambaye meza yake iko karibu na yangu, huniambia, "Mwanangu, hizo karatasi hazitatoroka. Nenda ukale."

Mtihani wetu una kurasa nne. Tatu za kwanza ni kusoma na kuelewa, Kiingereza kidogo na baiolojia. Ukurasa wa nne ni hesabu za dawa: ndama ana kilo kadhaa, chupa imeandikwa hivi, utamdunga mililita ngapi? Jumla ya alama zako ikifika kiwango, unaingia kozi yenyewe, inayofundishwa asubuhi. Isipofika, unaanza darasa la maandalizi, linalofundishwa mchana, muhula mzima, ndipo ujiunge na kozi. Kushuka ni kuchelewa, na mtu aliyeaga kwao kwa shida hapendi kusikia habari za kuchelewa.

Katika kundi la mwisho walikuja wanawake wawili kutoka Kaisho, wamepanda bodaboda moja, mtoto mchanga katikati yao. Mmoja alikuwa mama wa mtoto. Mwingine alikuwa dada wa mume wake, yaani shangazi wa mtoto. Hayo niliyajua baadaye. Siku ya mtihani walisema mtoto ni wa jirani, wamesaidia kumshika tu, nami nikaamini. Wakamwacha jikoni kwa mpishi wa chuo, wakaingia ukumbini.

Mtihani ukiwa katikati mtoto alianza kulia. Mama akainua kichwa. Shangazi, aliyekaa nyuma yake, alimgusa bega, akamwambia neno kwa Kinyambo, akainuka na kuleta karatasi yake mezani kwangu.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Imetosha, mwalimu."

Kupitia dirishani nilimwona akimfunga mtoto mgongoni kwa kanga na kutembea naye kwenye migomba ya chuo, taratibu, akimwimbia. Mama aliendelea kuandika mpaka nilipokusanya karatasi.

Niliposahihisha, karatasi ya shangazi ilinisumbua. Kurasa tatu za kwanza alikuwa amepata karibu alama zote. Ukurasa wa nne ulikuwa mweupe, hata jaribio la penseli halikuwepo. Jumla yake ilikuwa chini ya kiwango, lakini huyu hakushindwa, huyu aliondoka. Nilimpelekea mkuu wa taaluma. Akaitazama karatasi, akasema, "Mwite amalizie. Mpe maswali mengine."

Nikampigia simu, nimejaa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Nilimwambia kwamba kwa sasa yuko maandalizi, lakini akija kumalizia anaweza kupanda.

"Hayo maandalizi yanasomwa saa ngapi?" akauliza.

"Mchana."

"Na wifi yangu niliyekuja naye?"

"Yeye amefika kiwango. Asubuhi."

"Basi, mwalimu, hapo hapo panatosha."

Nilidhani hajiamini. Nikamtolea hotuba nzima niliyoichukua kwenye video, kwamba watu wengi hujishusha wenyewe kabla hawajashushwa na wengine. Nilipomaliza akasema atakuja kwa kuwa ameitwa.

Akaja. Alifanya hesabu zile mbele yangu bila kufuta hata tarakimu, akapata zote. Nilifurahi kana kwamba nimefaulu mimi. Nikabandika orodha mpya ubaoni, majina yao yote mawili darasa la asubuhi, nikalala vizuri usiku ule, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Kesho yake waliingia ofisini wote wawili. Mama alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa, akampakata mtoto na kumpa ziwa.

"Mtoto wa jirani leo ananyonya kwangu," alisema.

Sikujua nitazame wapi. Shangazi ndiye aliyeeleza. Baba wa mtoto yuko kwenye machimbo ya bati, nyumbani kuna bibi anayeugua, wa kumwachia mtoto hayupo. Walikuwa wamesikia kwamba mahali fulani mama mwenye mtoto mchanga aliambiwa arudi mtoto akishatembea, kwa hiyo wakaficha. Na nilipopiga simu ile mara ya kwanza walishangilia, kwa sababu mmoja alikuwa asubuhi na mwingine mchana. Wangepokezana. Siku ile ile wakaenda kupanga chumba karibu na chuo.

"Sasa umetupandisha wote," shangazi alisema. "Mtoto tumpeleke darasa gani?"

Nilishika penseli, nikaiweka.

"Nishushe mimi," akaendelea. "Nilikwambia panatosha, ukanihubiria."

"Usimshushe," mama akasema. "Mimi ndiye niliyezaa. Mmoja akichelewa, nichelewe mimi."

"Umezaa, lakini mtoto ni wa ukoo wetu."

"Ukoo hauna maziwa, wifi."

"Nani kasema habari za maziwa? Utamnyonyesha asubuhi na utamnyonyesha mchana. Mimi nitambeba. Kubeba nako ni kazi."

Wakabishana hivyo, wakiingiza Kinyambo pale Kiswahili kilipowachelewesha, hata wakachoka na kunigeukia. Mama alisema, "Wewe ndiye mwenye majibu yetu. Yanasemaje?"

Nilizitoa karatasi zao nikaziweka mezani. Nilijua karatasi ya mama inasema nini. Kiingereza chake kilikuwa kizuri na baiolojia nzuri zaidi, na hizo ndizo zilizompandisha. Ukurasa wa nne aliujaza wote, na karibu wote ulikuwa makosa. Nukta za desimali zilihama ovyo. Ndama mmoja alimpa dawa ya kundi zima. Nililiona hilo siku ya kusahihisha, nikapita, kwa sababu jumla ilifika kiwango na jedwali langu lilikubali. Kwa shangazi niliangalia nyuma ya jumla na kujisifu. Kwa mama niliridhika na jumla.

Ningekaa kimya, ningemshusha mtu anayejua hesabu na kumpandisha asiyezijua. Ningesema, nani angeamini kwamba sisemi ili tu mtoto apate wa kumshika? Mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Nikasema. Nikamgeuzia mama ukurasa wa nne, nikamwonyesha swali kwa swali. Alifuata kidole changu akiwa amemkinga mtoto asiishike karatasi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku nilipousahihisha."

"Na ulikuwa unaniacha niingie hivi hivi?"

"Jumla yako ilifika."

"Nikimdunga ng'ombe wa mtu akafa, nitamwambia jumla yangu ilifika?"

Shangazi akanikazia macho. "Wewe unamshusha ili tupate mlezi. Sema ukweli."

"Hata kama mtoto asingekuwepo, nilipaswa kumwambia," nikasema. "Sikumwambia. Leo nasema kwa sababu mtoto yupo. Ndio ukweli, sina mwingine."

Mkuu wa taaluma alikuwa amesikia yote. Aliacha kuandika, akasema kwamba chuo hakina neno na mtoto mchanga, wangeuliza wangeambiwa. Kisha akamwambia mama, "Matokeo ni yako, mwanangu. Kiwango umefika, hakuna wa kukutoa asubuhi. Chukua karatasi yako, kaitazame, kesho utuambie."

Usiku huo nililala vibaya kama kawaida yangu. Asubuhi mama alikuja peke yake. "Niandike mchana," alisema, akageuka bila kunitazama. Nikabadilisha orodha kwa mara nyingine, na mkuu wa taaluma akaniuliza kama nimeanza kuupenda ule ubao.

Tangu hapo simwiti tena mwanafunzi mpya kumtajia jumla tu. Tunafungua ukurasa mmoja mmoja, pamoja. Kazi inakwenda polepole, na foleni mlangoni hunitia jasho.

Saa saba mchana shangazi hutoka darasani na mama huwa jikoni akimnyonyesha mtoto. Hupokezana mlangoni, mtoto anakwenda huku, kanga inafuata, na mara nyingi bakuli la ndizi zilizobaki. Kwa wiki kadhaa mama alinipita bila kunisalimia. Halafu siku moja alisimama dirishani kwangu. Muhula ulikuwa unaisha, na angefanya tena ukurasa wa nne. Nilikuwa nimemwomba mkuu wa taaluma ausahihishe yeye, ili pasiwe na maneno.

"Nimesikia unanikimbia," mama alisema. "Sahihisha wewe. Ukikuta kosa niambie siku hiyo hiyo, usinitunzie."

"Nitakuambia."

"Haya, shika." Akapitisha mtoto dirishani, kwa sababu kengele ilikuwa imelia na darasa la asubuhi lilikuwa bado kwenye josho na ng'ombe.

Nikamshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na mikono yangu sikujua ikae wapi. Mama alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, karatasi zake kwapani, anakimbia. Shangazi alitokea baadaye na matope mpaka magotini, akasimama akanitazama.

"Mwalimu," alisema, "huyo si debe la mafuta. Mkumbatie."

Nikamkumbatia. Naye akaenda kunawa, bila haraka.