Swali Alilolikataza Nesi Specioza

Nesi Specioza alikuwa na amri moja katika chumba cha vijana cha zahanati yao, kule Buhongwa: binti akiingia, asiulizwe kama mama yake anajua.

Amri hiyo aliipata kwa uchungu. Mwaka juzi binti mmoja aliulizwa hivyo, akaondoka, na wiki iliyofuata akaletwa amebebwa, ameshakunywa mizizi ya kutoa mimba. Hakupona. Tangu hapo, kwa ajili ya amri hiyo, Specioza aligombana na manesi wenzake, na akina mama wa jumuiya, hata na katekista, na kote hakurudi nyuma.

Lakini mganga hajigangi. Alhamisi mlango ulifunguka, akaingia Nice, binti wa kaka yake Osward, mwaka wa kwanza chuoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Wewe! Mama yako anajua uko hapa?"

Hata marahaba hakuitikia. Nice akageuka, akatoka.

Siku mbili Specioza hakutulia. Kazini alimpima mtoto mmoja uzito mara mbili. Alimpigia Nice simu, hazikupokelewa. Kila bodaboda iliyosimama getini ilimshtua, akidhani imemleta Nice, tena hajiwezi.

Jumamosi akaenda kwa kaka yake. Wifi yake alikuwa akimenya ndizi huku anacheka, hana habari. Specioza naye akacheka, kicheko cha uongo kabisa. Wifi alipokwenda kuteka maji, akamvutia Nice nyuma ya jiko.

"Nisamehe, mwanangu. Umekunywa kitu?"

"Sijanywa kitu, shangazi. Wala sina mimba. Nilikuja kutafuta njia ya kuizuia."

Jamani, furaha! Specioza alimkumbatia. "Njoo Jumatatu. Nitakuhudumia mwenyewe."

"Nitakuja." Nice alitazama chini. "Ila anihudumie yule mwenzako, nesi Shigela."

Iliuma, tena vibaya. Yeye ndiye aliyempakata huyu mtoto siku ya ubatizo, leo anakataliwa kama mgeni. Alitaka kujitetea, kuhesabu mabinti aliowasaidia. Badala yake akasema sawa.

Jumatatu aliomba zamu ya chanjo, akakaa ameipa korido mgongo. Saa nane mchana akasikia ndala zinakuja polepole, zikasimama nyuma yake. Shingo ilimuwasha kutaka kugeuka. Akaing'ang'ania meza kwa mikono miwili, mpaka aliposikia mlango wa Shigela unafungwa.