Sekunde Kumi na Moja za Ate Berta

Norberta Sioson alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejua anapenda nini. Si kwamba hakuulizwa. Wadogo zake walikuwa watu wa adabu, walimuuliza kila mara: tule nini, tukae wapi, twende lini. Jibu lake lilikuwa moja.

"Nyinyi tu."

Mkubwa ni jaa, wanasema, na Berta alikuwa jaa lililofagiliwa vizuri, ambalo watu walitupia bila kuangalia. Baba yao alipokufa, Berta alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliacha masomo akakaa kwenye cherehani, na cherehani hiyo ikamfanya Efren karani wa manispaa ya mji wao, Malabon, ikamfanya Marivic muuguzi, na ikamwezesha Toti, kitinda mimba, kuanza kozi tatu tofauti. Wote walimwita Ate, dada mkubwa. Watoto wa Efren walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima ndipo walipogundua kwamba si jina lake la ubatizo.

Kila Krismasi sinema za wageni hushushwa nchi nzima na kumbi zote huonyesha filamu mpya za nyumbani, kama kumi hivi, na hakuna familia inayojiheshimu inayobaki nyumbani. Kwa akina Sioson, wake, waume na watoto hutawanyika kwa wakwe, na mchana huo huwa wa ndugu wanne na mama yao, Nanay Sabel. Sheria haikuandikwa popote: wote pamoja, filamu moja, safu moja ya viti. Kwa miaka kumi na moja mfululizo filamu hiyo ilikuwa ya kuchekesha, yenye mzimu anayeteleza jikoni. Mzimu hubadilishwa jina kila mwaka. Jiko ni lile lile.

Mwezi wa nne wa mwaka huo, katikati ya joto, wapiga filamu walifika mtaani kwao. Walikuwa wakitengeneza hadithi ya mjane ambaye nyumba yake inamezwa na maji kidogo kidogo, na Malabon hawakuhitaji kuleta maji. Gauni la mjane likachanika. Berta alilitengeneza kwa dakika ishirini, akiwa hajui kwamba mwongozaji, msichana mwembamba aliyevaa buti za mpira, alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Msichana aliomba ampige picha akishona. Asifanye chochote, ashone tu. Walipomaliza alimwambia kwamba itakuwa kama sekunde kumi na moja za filamu.

Berta hakumwambia mtu. Kujitangaza ni aibu, hasa kwa mkubwa. Lakini kuonwa na watu bila wewe kusema neno, hiyo si majivuno, hiyo ni ajali. Basi akaipangia ajali yake mahali: gizani, katikati ya wadogo zake, Efren akiwa na bisi mkononi, na ghafla uso wa dada yao ukutani, mkubwa kama lango la kanisa. Kwa miezi minane, kila alipokanyaga cherehani, alimwona Efren akiangusha zile bisi.

Ilibaki kuwafanya waichague filamu hiyo, tena siku ya kwanza. Filamu ndogo isiyojaza ukumbi huondolewa siku ya pili au ya tatu, na ukumbi wake hupewa mzimu.

Alianza mapema. Orodha ya filamu ilipotoka, alituma picha ya bango la ile ya mafuriko kwenye kundi la familia. Marivic alijibu kwa moyo mwekundu. Efren aliuliza nani ataleta paja la nguruwe mwaka huu. Toti alijibu baada ya siku nne, "Sawa", asieleze ni nini kilichokuwa sawa. Jumapili moja mezani Berta alitaja, kana kwamba anazungumza na bakuli la tambi, kwamba watu wanaisifu sana ile ya mafuriko.

"Mafuriko tunayo hapa nje bure, Ate," alisema Efren. "Niende tena nikayakatie tiketi?"

Wote walicheka. Berta naye alicheka, na ndivyo alivyoshindwa mambo mengi maishani.

Siku ya Krismasi walikubaliana kuondoka saa saba mchana. Toti alikuwa akija kutoka Cavite, na saa saba alipiga simu kusema yuko njiani, maana yake ndiyo kwanza amepata taulo la kuogea. Kuondoka bila yeye hakukufikirika. Walikula paja la nguruwe. Walikula tambi. Walikula paja tena, si kwa njaa bali kwa kukosa la kufanya. Aliyesema mvumilivu hula mbivu hakuwahi kumsubiri Toti. Waliondoka saa tisa unusu.

Foleni ya filamu ya kuchekesha ilikuwa imezunguka hadi kwenye duka la aiskrimu. Ile ya mafuriko haikuwa na foleni. Ilikuwa na mlinzi mmoja, naye alikuwa ameegemea bango. Efren alipendekeza wangoje onyesho la saa kumi na mbili. Marivic alisema ametoka zamu na miguu haimtaki. Toti alisema kwake yote sawa. Efren hakupenda kuambiwa kwamba huamua peke yake, hivyo akageuka.

"Ate, wewe ndiye mkubwa. Sema unataka ipi, hiyo hiyo."

Miezi minane alikuwa akilingoja swali hilo. Berta alifungua kinywa.

"Nyinyi tu," alisema.

Lilimtoka lenyewe, kama chafya. Efren alikwishaanza kuelekea kwenye foleni. Berta alisimama pale akikichukia kinywa chake, kitu ambacho alikuwa amekilisha kwa uaminifu miaka hamsini na sita.

"Efren."

"Naam, Ate."

"Nataka ile ya mafuriko."

Walimtazama kama watu waliosikia kabati likisema. Marivic alimgusa paji la uso kwa mkono wa kazini.

"Sina homa," alisema Berta. "Nataka ile."

"Siku ya Krismasi twende tukalie?" aliuliza Efren.

"Ndiyo."

Nanay Sabel, aliyekuwa amesimama muda wote ameshika fimbo, alisema wakate tiketi upesi, yeye anataka kiti, hata kama kiko ndani ya maji. Mambo yakaishia hapo.

Ukumbini kulikuwa na watu kumi na wanne, watano wakiwa akina Sioson. Filamu ilikwenda polepole, kwa kasi ya maji yenyewe. Efren alishusha pumzi kila mjane alipotazama dirishani, na mjane alitazama dirishani sana. Toti alilala kabla ya dakika ya kumi. Marivic alisoma ujumbe, simu ikiwa chini ya kitambaa. Berta alikaa wima kama mtu anayepigwa picha.

Kisha cherehani yake ilitokea, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamechakaa. Kitambaa kilipita chini ya sindano. Mikono miwili ilikisukuma, na kwenye gumba la kushoto ulionekana ukucha uliopasuka katikati, pale sindano ilipopita mwaka aliposhona sare za darasa zima la Marivic. Berta alingoja picha ipande hadi usoni. Picha ilipanda kweli. Ilipanda ikapita, ikaenda dirishani, kwenye maji. Uso ulikuwa umebaki kwenye kompyuta ya mtu fulani.

Sekunde zilikuwa kumi na moja. Hakuna aliyemdanganya. Uso hakuahidiwa na yeyote. Aliangalia safu yao: Efren alikuwa akitafuna, na hakuna bisi iliyoanguka.

Nje walianza kuichambua, kama ilivyo desturi. Efren alisema amekaa saa mbili akitazama maji yakipanda, kazi anayoifanya kila mwezi wa nane dirishani kwake. Marivic alikubali kwamba mjane analia vizuri.

"Na yule mshonaji?" aliuliza Berta.

Efren alifikiri kwa haki.

"Yule hajui kazi. Mikono migumu, anashona kama anaua mende. Wangekuchukua wewe, Ate, wangeona ushonaji."

Alisema kwa mapenzi ya kweli, na hilo ndilo lililochoma.

"Yule ni mimi."

"Nani?"

"Mshonaji. Ni mimi, Efren."

Efren alicheka, akampiga bega, akasema leo Ate kaamua. Hapo Nanay Sabel aliushika mkono wa kushoto wa binti yake, akauinua mbele yao kama muuza samaki anayeonyesha mashavu ya samaki.

"Kidole hiki nimekiona ukutani, kikubwa kama mlango," alisema. "Nikadhani ni macho yangu."

Waliutazama ukucha. Ulikuwa umekuwapo miaka thelathini, na ilikuwa wazi kwamba Efren anauona leo. Toti alilalamika kwa uchungu kwamba hakuamshwa.

"Sasa kwa nini hukusema, Ate?" aliuliza Marivic.

Lilikuwa swali la kijinga, tena halikuwa na kosa. Berta alitafuta jibu, akakuta maneno mawili tu, yale yale, akayameza.

Baada ya hapo mapenzi yalimwangukia kama mzigo kutoka juu ya kabati. Kesho watarudi. Watakaa safu ya mbele. Efren atapiga makofi. Berta, aliyekwisha kuonja utamu wa kusema, alisema yeye na Nanay watakuwa mlangoni pa sinema saa nne asubuhi, na atakayekuwapo awepo. Walikasirika wote. Bila Toti? Hiyo itakuwa familia gani?

Kesho yake saa nne Toti alikuwa njiani, na Berta alikuwa bado nyumbani na wenzake, akimngoja. Saa sita alikuwa bado njiani. Alifika saa nane na keki ya kuomba radhi, wakaila, kwa sababu kukataa keki si adabu.

Sinemani mlinzi hakuwa ameegemea kitu. Bango la mafuriko halikuwapo. Pembe nne za gundi zilikuwa zimebaki ukutani, na katikati yake mzimu alikuwa akitabasamu na sufuria. Efren aligombana na msichana wa tiketi kwa lugha ya manispaa, akidai barua. Msichana alisikitika. Alisema kulikuwa na ukumbi mmoja Quezon City, onyesho la saa saba. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Basi, Ate," alisema Efren kwa upole, "tufanyeje? Sema wewe."

Wote walimtazama, na safari hii walikuwa wakingoja jibu.

"Sasa mnauliza," alisema Berta.

Waliingia kwa mzimu, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na viti. Walimkalisha katikati, mahali pa heshima, na ndoo kubwa kuliko zote ya bisi mapajani. Alicheka mara mbili, na mara zote mbili alijilaumu. Ya pili Efren alimwona gizani, akamgusa kwa kiwiko, uso umemng'aa.

"Si unaona?" alinong'ona. "Nilijua tu hii ndiyo unayoipenda."