Siku Nilipokatazwa Kuandika "Idem"

Enzi za Zaire nilikuwa fundi wa magari-moshi pale Kamina, na kuandika nilikuchukia kuliko grisi chini ya kucha. Kila aliyemaliza zamu ilimpasa aandike daftarini alichofanya kwenye mashine, ili wa zamu inayofuata ajue. Sisi tulikuwa na dawa yetu: "Idem." Yaani, kama aliyenitangulia. Ukurasa mzima idem, idem, hata hakuna aliyekumbuka wa kwanza aliandika nini.

Shefu mpya, mkuu wa karakana, akatukomesha. Kazi moja mstari mmoja, alisema: ulichofanya, sababu yake, halafu usichogusa. Asubuhi moja alinirudisha kutoka getini, baiskeli mkononi, nikaifute idem yangu. Loo, nilikasirika! Nikaandika, kalamu karibu itoboe karatasi: "Nimebadili mpira wa breki ya nyuma, ulipasuka. Koki ya mafuta sikuigusa."

Kesho yake mashine ile ikazimika njiani kuelekea Kabongo, abiria wakashinda juani. Koki ya mafuta ilikutwa nusu imefungwa. Wakubwa wakasema ni mimi, kwa kuwa stoo ilijua nilichukua mpira wa mashine hiyo. Kufukuzwa kazi kulikuwa kufukuzwa pia kwenye nyumba ya kambi, na mtoto wetu alikuwa na wiki tatu. Nilipotoka kwenda kuitikia wito, mke wangu alikuwa ameshaanza kufunga sufuria kwenye kitenge.

Ofisini shefu alisoma mstari wangu kwa sauti, mbele ya wakubwa. Chini yake, wa zamu ya mchana alikuwa ameandika: "Idem." Akaitwa. Akakiri kwamba alifunga koki asafishe chujio, akasahau kuifungua yote.

Shefu akanigeukia. "Weye njo uliandika hii?"

"Njo minyi, shefu," nikajibu, ndimi.

"Basi rudi kazini."

Mwenzangu alisimamishwa wiki mbili. Nilimwonea huruma, na aibu ilinishika, maana ujanja wa idem nilimfundisha mimi, siku yake ya kwanza.

Jioni nilimkuta mke wangu amekaa mlangoni, mtoto mgongoni, furushi kando yake.

"Tunabaki," nikamwambia.

Akafungua kitenge, akaanza kutoa sufuria moja moja.