Siku za Nyongeza Mtaa wa Narung'ombe

Niliondoka Mombasa kwa sababu ya maneno machache ya mama. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi, nimepata kazi ya ualimu, na nilikuwa na muda wa kutosha kabla ya kuanza. Mama alikuwa barazani akichambua mchele. Akasema, bila kuinua macho, kwamba baba yangu anaitwa Kondo, anauza mikeka Kariakoo, na kwamba amekwisha mpelekea salamu kuwa nitakwenda. Miaka yote nilijua nina baba Dar es Salaam kama mtu anavyojua kuwa ana ini: lipo, lakini hajaliona. Alikuwa kuli wa bandari kwetu, akarudi kwao nikiwa bado nanyonya. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja.

"Usifundishe watoto wa watu kabla hujamwona aliyekuzaa," mama alisema, akaendelea na mchele wake.

Mpakani Horohoro nilifika kabla ya adhuhuri. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kabla mpaka ule haujafungwa. Afisa akaniuliza nakwenda kwa nani, nikasema kwa baba. Akauliza nitakaa siku ngapi. Swali dogo, lakini mimi ni mtu wa kuligeuza swali dogo mpaka linuke. Nikisema siku tatu, ataona simpendi baba yangu. Nikisema mwezi, ataona nahamia. Nilipokuwa bado nawaza, akagonga muhuri wa wiki mbili na kumwita aliye nyuma yangu.

Kutoka Tanga mashamba ya mkonge yalitufuata mpaka tukayachoka. Segera tulikula mihogo. Chalinze mvua ikaanza, ile mvua ya masika isiyo na haraka, na ikatusindikiza mpaka jijini.

Kariakoo niliingia alasiri kwa miguu kutoka Mnazi Mmoja, begi kichwani kama kofia. Soko jipya lilikuwa limesimama katikati, paa lake kama miavuli iliyopinduliwa kunywa mvua. Nikamwuliza muuza kahawa aliyejibanza chini ya upenu wapi zinauzwa nyumba, samahani, wapi inauzwa mikeka, maana woga ulinipotosha ulimi. Alinijazia kikombe, akakisukuma mbele yangu, akasema, "Umerudi na mvua hizi?" Kisha akaniangalia tena, taratibu, kutoka viatuni mpaka juu, na kikombe akakivuta kwake.

Aliniambia niende Mtaa wa Narung'ombe. Alisema hivyo akiangalia pembeni.

Njiani walikuwa watatu au wanne waliofanya vilevile. Mwanamke aliyekuwa kwenye foleni ya sukari alinipungia mkono, mkono ukabaki hewani. Msukuma mkokoteni alinipisha kwa heshima ambayo kijana wa umri wangu hapewi. Nilianza kutembea nimeinamisha uso, nikihisi kwamba nimeuvaa bila ruhusa.

Nyumbani kwa baba, Bi Zainabu, mke wake, alinifungulia mlango. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya pole, na alishika mwimo wa mlango kabla ya kunikaribisha. Nikamwamkia, akaitikia. Akasema baba yangu hayupo. Amekwenda Rufiji, ng'ambo ya mto, kununua mikeka na ukili wa kuishonea, na mafuriko yamekata njia. Yeye Bi Zainabu amekwisha tuma mtu wa lori kumpelekea habari kwamba mwanawe anakuja. Nitangoja.

Nikapewa chumba cha baba. Kilikuwa na mikeka iliyoviringishwa mpaka dari, na unyevu ulipopungua mikeka ile ililia kidogokidogo, kama watu wengi wanaojigeuza usingizini. Ukutani palikuwa na picha ya Rais, na msumari uliotundikwa koti jeusi la mvua. Godoro la sufi lilikuwa limebonyea kwa umbo la mtu aliyelala ubavu wa kulia. Nililala, nikaingia ndani ya bonde lile kama kisu kwenye ala yake. Nikaondoka, nikahamia ukingoni. Asubuhi nilijikuta bondeni.

Siku ya tano au ya sita dereva mmoja wa lori alileta jibu la baba. Lilikuwa neno moja: asubiri. Bi Zainabu alifurahi. Mimi nikaanza kulichambua. Mtu husema "asubiri" kwa mwana au kwa mdai? Tena, ikiwa lori limepita na neno, kwa nini halikupita na mtu? Nilimwuliza Bi Zainabu, akasema malori mengine hupita na mengine hukwama, na akaniuliza kama ninakula pweza.

Wiki mbili za muhuri zilipokaribia kwisha, nilikwenda ofisi ya uhamiaji, mjini, upande wa bandari. Afisa alikuwa kijana wa rika langu, feni juu yake ikizunguka bila kuleta upepo. Akauliza sababu ya kutaka nyongeza. Nikamweleza kuhusu mama, ukuli wa baba, mafuriko, lile neno moja na mashaka yangu juu yake.

"Ndugu," akasema, "nimeuliza sababu. Sikuuliza maisha."

Nikasema, "Kumsubiri baba."

Akasema hiyo inaandikika, lakini nije na balozi wangu wa nyumba kumi. Balozi, kwa msomaji wa kwetu asiyejua, ni kiongozi wa chama anayezijua nyumba kumi za jirani, nani analala wapi na mgeni kaingia lini. Wa kwetu pale aliitwa Mzee Shomari, fundi wa viatu, mtu mwembamba aliyecheka kwa kifua. Tulirudi naye siku ya pili. Afisa akamwuliza kama anamfahamu kijana huyu.

"Simfahamu," akasema Mzee Shomari. "Lakini nimeishi na uso huu miaka ishirini. Ukikosea, baba yake nitamlaumu, si wewe."

Nikapewa wiki mbili nyingine. Njia nzima nilishika pasi mfukoni na kujiambia kwamba sasa muda upo, kilichobaki ni mtu.

Wiki ya kwanza ya nyongeza mvua haikukatika. Nilizoea mtaa, lakini mtaa haukunizoea. Mchana nikikaa barazani, wapita njia walipunguza mwendo. Mtoto wa jirani alikataa kupita mlangoni peke yake. Ndani, nikikohoa, Bi Zainabu aliinua kichwa ghafla jikoni, kisha akaendelea kukuna nazi. Sikumwuliza kwa nini. Nilianza kukohoa kwa siri, mdomo kwenye mto.

Ijumaa, baada ya sala, dereva yule akarudi. Hakuingia, alisimama barazani amevua kofia. Baba alikuwa amevuka mto, amefika Kibiti, homa ikamshika pale akingoja lori la kumleta. Walimzika kulekule jioni yake. Na barabara imekatika nyuma ya lori hili, hakuna tena anayekwenda wala kurudi.

Vilio vilitoka uani na kujaa ukumbi wote. Mimi nilisimama nimeshika mwimo wa mlango. Sikujua nilie vipi kwa mtu nisiyejua hata alikuwa mrefu kiasi gani. Wanawake walinijia, wakanishika uso kwa mikono miwili, wakalia wakiniangalia. Nikaelewa kwamba kwao mimi ndiye niliyebaki kuwa maiti ya kuagwa.

Tanga la msiba likawekwa. Wanaume tulilala mikekani barazani, wanawake ndani. Chumba cha baba kikafungwa.

Siku ya tatu ya msiba Mzee Shomari alinichukua sokoni kutafuta mchele. Tulirudi mchana, lakini wingu lilikuwa limeshuka mpaka paani na ukumbi wa nyumba ulikuwa mweusi kama umekwisha kuchwa. Mzee alibaki nje akizungumza na mtu. Niliingia peke yangu na mfuko begani, na nikasikia kikohozi.

Mlango wa chumba cha baba ulikuwa wazi. Kizingitini alisimama mtu amevaa koti jeusi la mvua, kofia ameishusha usoni, bega la kulia limetangulia kama la mtu aliyezoea kubeba mkeka ulioviringishwa. Alikuwa akigomba kwa sauti nzito ya puani: nani amekalia mikeka yake, nani amemaliza sukari yake, mtu hawezi kwenda Rufiji mara moja nyumba ikageuka kambi? Wanawake ukumbini walikuwa wamefunika nyuso kwa kanga, mabega yakitikisika. Kisha akashika ncha ya sikio la kushoto, akaisugua kwa vidole viwili, akifikiri.

Hiyo ni tabia yangu. Walimu walinikataza tangu darasa la kwanza na sikuweza kuiacha. Hakuna aliyenifundisha.

Akili yangu, badala ya kukimbia, ilitafuta hoja. Hakuna mtu wa nyumba hii aliyeiona maiti. Dereva aliletewa habari, hakuzika yeye. Homa humzimisha mtu na akaamka. Nilishusha mfuko wa mchele, nikapiga goti kwenye sakafu.

"Shikamoo, baba."

Kanga zikashuka, nikaona kwamba wanawake walikuwa wakilia na kucheka kwa pamoja, na sasa hawakufanya hata kimoja. Mvua tu ilisikika kwenye mabati. Mtu yule aliponijibu, ilikuwa kwa sauti ileile ya puani, lakini ameishusha.

"Marahaba. Mbona umekonda hivi, mama yako anakula peke yake?"

Hakuna aliyecheka.

"Nilikwambia usubiri. Ulisubiri?"

"Nilisubiri, baba. Niliomba na siku za nyongeza."

Akasugua sikio. "Njia ilikuwa inapitika," akasema. "Niliogopa."

"Maganga, inatosha," Bi Zainabu akasema.

Mtu yule akavua kofia, kisha koti, na akapungua. Mbele yangu alisimama mzee mfupi, mpana, kichwa chenye mvi, hamali wa sokoni niliyewahi kumwona mara nyingi akisukuma magunia. Akaniinua kwa kwapa mbili.

Jioni ile barazani Mzee Shomari alinieleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa. Baba yangu alikuwa Mzaramo. Maganga ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo. Akifa Mzaramo, mtani wake huja msibani, huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, hugomba kama yeye, hulala hata kaburini akidai apishwe. Wafiwa hucheka wakilia, na msiba hupata pa kupumulia. Hakuna mtani aliyewahi kuamkiwa na mwana wa marehemu. "Hata yeye umemtisha," akasema.

Nilimtafuta Maganga sokoni siku ya pili. Alikuwa amekaa juu ya mkokoteni wake, hana mzaha hata kidogo. Nikamwuliza lile la woga, kama baba alimwambia au alilitunga.

"Mimi nilimbebea mzigo wake mpaka kwenye lori," akasema. "Salamu za mama yako zilifika asubuhi, yeye akaondoka mchana. Masika yote hakuna mtu anayefuata ukili Rufiji, mwanangu. Nilimtania njia nzima, hakujibu."

"Kwa hiyo hakusema anaogopa."

"Maneno yalikuwa yangu. Woga ulikuwa wake." Akapanguza uso kwa kiganja. "Lakini kafia Kibiti. Kibiti ni upande huu wa mto. Alikwisha vuka."

Kabla ya kuondoka nilikwenda tena uhamiaji, maana dhamiri ilinisumbua: nilipewa siku za kumsubiri baba, na baba hatakuja. Je, siku zilizobaki ni halali? Afisa alinisikiliza mpaka mwisho safari hii. Akasema sababu imekufa, siku hazijafa, nikae na watu wangu. Nikakaa mpaka tanga likaanuliwa. Kaburini sikufika; barabara ilikuwa bado chini ya maji.

Safari ya kurudi niliifanya karibu bila kuiona. Watu huniuliza nilijifunza nini Dar es Salaam, nami huwaambia kwamba niliona soko kubwa na afisa mwenye subira. Ukweli ni kwamba nilijifunza kuwa mtu anaweza kukukimbia na kukujia katika safari ileile, na kwamba kumjua mtu si lazima kukutana naye akiwa hai.

Mombasa nilifika magharibi. Habari za kifo mama alikuwa amezipata kabla sijafika. Alikuwa amekaa kitandani, kanga nyeusi kichwani, taa haijawashwa. Hakuuliza alikufaje.

"Ulimwona?"

Tangu Segera nilikuwa nikitengeneza jibu, na kila nililolitengeneza lilivunjika. Basi sikusema. Nilirudi mpaka mlangoni, nikatanguliza bega la kulia, nikatembea mpaka katikati ya chumba. Nikakohoa kwa kifua kizito. Nikashika ncha ya sikio la kushoto, nikaisugua.

Mama akavuta miguu, akaacha nafasi ya mtu kukaa kando yake, na akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya msichana:

"Umechelewa, Kondo."

"Niliogopa," nikasema, nikakaa.